Msamaha Mmoja wa Mama Khakasa

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa mzigo. Hadithi hii imefika kwangu bila mwisho. Mwisho mnao nyinyi, na mkiondoka hapa bila kuutoa, mtalala nao.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika shirika dogo la ndege lililoitwa Korongo, lililopeleka abiria Kaskazini, kule ambako barabara ya lami huzaliwa kila uchaguzi na kufa kura zikishahesabiwa. Kila mmoja wao alikuwa na kipaji.

Onditi alikuwa fundi wa ndege, na kipaji chake kilikuwa mikono. Chuma kilichowagomea wengine, yeye alikishika kidogo, akakisikiliza, kikatii.

Cherop alikuwa msemaji wa shirika, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Digrii yake ilikaa kabatini mpaka ikaanza kunukia dawa ya nondo, ndipo Korongo wakamwita kwa mkataba mfupi, ule wa kukuonjesha mshahara kisha wakuambie we will get back to you. Lakini alipopewa maikrofoni, hata wahudumu wa hoteli waliacha kuokota vikombe.

Ekai alikuwa mhudumu wa ndani ya ndege, na kipaji chake kilikuwa heshima. Mzee akipanda ndege yake anatetemeka, alishuka amenyooka. Alilelewa na nyanya yake, na kwa nyanya huyo, kumsemesha mzee umekaa ilikuwa kosa la kulala njaa.

Watu wazuri watatu. Kumbukeni hilo, litawasumbua baadaye.

Sasa, ndege za Korongo zilikuwa na mlango wa dharura juu ya bawa, ubavuni, kwa ajili ya siku ambayo mlango wa mbele hautoshi. Mpini wake ulikuwa mgumu. Kwanza uuinue, halafu uusukume nje, na usipouinua mpaka mwisho unakaa palepale unakutazama.

Wakubwa wa usalama wa anga, watu ambao kwa kawaida huamka baada ya moto, safari hii waliamka mapema. Tuwape haki yao. Wakaandika pendekezo: ndege zote za abiria za aina ile zibadilishwe. Mpini mgumu utolewe, uwekwe mwepesi ambao hata mtoto ataufungua. Na viti vya safu ile ya mlangoni ving'olewe, njia ibaki wazi, asikae mtu. Lakini kabla ya pendekezo kuwa sheria, wakasema wataukagua mlango wenyewe, kisha wasikilize wananchi.

Ikatangazwa kwamba wakaguzi watafika karakana ya Korongo.

Wewe ukisikia wageni wanakuja unafanya nini? Si unafagia? Si unatoa vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto hawagusi? Onditi hakutumwa na mtu. Alichukua kitambaa akaufuta mlango, akautia grisi, akauinua mpini na kuushusha, akauinua na kuushusha, mpaka ukalainika.

"Onditi," mwenzake akamtania, "huo mlango unauoa lini?"

"Wewe kwenu mnapokea wageni na sufuria za jana?"

Wakaguzi wakaja. Mkubwa wao, mama mmoja wa miwani, akanyoosha mkono aujaribu mpini mwenyewe. Onditi akamtangulia kwa upole.

"Hapana, madam. Wewe ni mgeni. Usijichafue."

Akaushika yeye, akauinua na kuupa bega kidogo mwishoni, vile mikono yake ilivyozoea, na mlango ukafunguka kama pazia.

"Mbona ni mwepesi hivi?" mama akauliza.

Onditi akatabasamu kama mwenye nyumba aliyesifiwa chai. Hakusema uongo. Hakusema kitu.

Kisha ikaja siku ya kusikiliza wananchi, ile wanayoiita public participation, ambapo unapewa soda na sambusa halafu unaulizwa kama una pingamizi huku mdomo umejaa. Ukumbi wa hoteli ulifurika. Korongo wakamsimamisha Cherop.

"Ladies and gentlemen, na wazee wangu," akaanza. "Viti vikipungua, nauli itapanda. Nauli ikipanda, mtajua mmemnyima nani hiyo nafasi? Mama mwenye uchungu aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa. Mgonjwa wa figo. Yule ambaye barabara ingemuua kabla ya ugonjwa. Tunaambiwa tuogope mlango ambao wakaguzi wenyewe wameuona ukifunguka! Mimi siogopi mlango. Naogopa mgonjwa atakayebaki uwanjani akiangalia ndege ikiondoka."

Watu waliacha sambusa. Wakapiga makofi mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Na lililo baya zaidi, kila alichosema kilikuwa kweli. Nauli ingepanda. Wagonjwa walikuwepo. Jioni, mama mmoja mgeni kabisa alimkumbatia mlangoni akamwambia, "Binti yangu, umetusemea."

Mwenyekiti akasema wanaotaka pendekezo lirudishwe lichunguzwe upya wainue mikono. Mikono ikawa msitu. Pendekezo likarudi mezani, na nyote mnaijua meza ya serikali.

Ndipo akaja Mzee Masibo.

Mzee Masibo alitoka magharibi, mkulima wa mahindi, magoti yamechoka. Binti yake, Nekoye, alikuwa mwalimu Kaskazini, na alimkatia baba yake tiketi aje aone anapofundisha. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya ndege. Alivaa suti ya harusi yake. Mkewe, Mama Khakasa, alimfunga tai huku akimcheka: "Unaenda kuonana na Mungu au na Nekoye?"

Ekai alimwona akipanda ngazi kwa shida. Kiti chake kilikuwa nyuma, mahali pembamba, magoti kifuani. Na safu ya mlango wa dharura, kwa sababu ya njia iliyoachwa, ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kila mzee aliyepanda ndege ya Ekai alikalishwa pale. Kwake hilo halikuwa jambo la kufikiria, lilikuwa kama kumpokea mtu mzigo.

"Baba, njoo hapa upumzishe miguu." Kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa amekaa pale akahamishwa nyuma, akaenda bila neno, maana hata yeye alikuwa na mama.

Maelekezo yanasema anayekaa pale aulizwe kama ataweza kuufungua mlango, aonyeshwe namna, apimwe kwa macho. Ekai akachuchumaa.

"Baba, ikitokea shida, mlango huu ni wako. Utauweza?"

"Kijana, nimefungua mazizi kabla babako hajazaliwa."

Wakacheka wote wawili. Ekai aliiona mikono ile, vidole vimekunjwa na baridi yabisi. Aliiona. Lakini umwambie mzee, mbele ya watu, "Hebu nyoosha vidole nione"? Umhoji kama mtoto wa shule, umwinue umrudishe nyuma? Akamfunga mkanda, akaenda zake.

Ndege ilipotua Kaskazini, gurudumu lilipasuka. Ikatoka njiani, ikalala mchangani, na moshi ukaanza upande wa nyuma.

Mlango wa mbele ulifunguka. Ekai alisimama pale akipiga kelele, "Mbele! Njooni mbele!" na watu wakatoka, mmoja juu ya mwingine, wote aliowaona. Alichungulia ndani, macho yakimchoma, akaita, "Kuna mtu?" Hakusikia jibu. Akaruka.

Baadaye mwanamke mmoja aliyekuwa safu ya mlangoni alisimulia. "Tulimwambia, mzee, hauwezekani huo, twende mbele. Akasema, 'Tangulieni. Huu nimepewa mimi.'"

Walimkuta amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya mpini. Grisi ya Onditi ilishakauka zamani, vumbi la Kaskazini limeigeuza gundi.

Kanuni ilipita haraka baada ya hapo. Bila soda, bila sambusa. Milango yote ibadilishwe, viti ving'olewe. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kwao Mzee Masibo, mtu akishazikwa, kuna siku ya kunyoa. Ndugu hunyolewa nywele, na mwenye neno lolote kuhusu marehemu hulisema mbele ya watu. Siku hiyo ikipita, neno limezikwa. Hakuna kurudi keshokutwa kugonga mlango.

Wale watatu walikuja siku hiyo, kila mmoja kivyake, wakakutana langoni kama wezi waliokosea ratiba.

Onditi akasimama wa kwanza. "Mama, mimi ndiye. Niliupamba mlango ule kwa ajili ya wageni. Yule mama angeushika mwenyewe siku ile, angejua. Nilimzuia mkono."

"Hapana," Cherop akadakia. "Mlango ungekuwa umeshabadilishwa kama si mimi. Mimi ndiye niliyesimama nikasema siogopi mlango."

"Nyinyi mlifanya makaratasi na vyuma," Ekai akasema. "Mimi nilimshika mkono. Nilimwambia mlango huu ni wako. Mkosaji ni mimi."

"Usijipe ukubwa, Ekai," Onditi akasema. "Bila mimi mzee angekaa popote na mlango ungefunguka."

"Na bila mimi mlango ungekuwa mgumu vilevile, lakini mwenye kuushika angekuwa kijana!"

Shemeji wa marehemu akasonya. "Tazama hawa. Wanagombania kosa kama mfupa. Mbona hamkugombana hivi siku ya ukaguzi?"

Mama Khakasa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Nimewasikia," akasema. "Wote mnasema kweli. Na wote hamkumaanisha, nalo nalijua. Lakini nisikilizeni na mimi. Nimejipekua humu kifuani tangu tumzike. Nilikuta misamaha miwili. Mmoja nimeshampa aliyekata tiketi."

Nekoye, aliyekuwa akimimina chai, akaiweka birika chini akajifunika uso.

"Nimebaki na mmoja. Si choyo, wanangu. Ndio uliopo. Naweza kuwadanganya niseme nimewasamehe wote, nanyi mtakwenda mkiwa na maneno tu, na usiku nitawalaani. Sitaki hivyo. Mmoja nitamsamehe kabisa, atakula kwangu, nitamwita mwanangu. Wengine wawili waende salama, ila wasiniombe tena. Semeni, nimpe nani?"

Halafu, ndugu zangu, lilitokea jambo la aibu. Watu wale waliokuwa wakigombania kosa wakaanza kugombania msamaha.

"Mama," Onditi akasema, "milango ile yote nimepewa mimi niibadilishe. Kila mpini nikiushika naiona mikono yake. Mkono unatetemeka. Fundi anayetetemeka ataua wengine. Nipe mimi, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya watakaopanda."

"Mimi mkataba wangu uliisha," Cherop akasema, "hawakuniita tena, na wala si hilo linaloniuma. Nikifungua mdomo nasikia makofi yale. Sijasema sentensi nzima kwa mtu tangu siku ile isipokuwa leo. Wale wagonjwa niliowasemea bado wako, Mama, na nauli imepanda kama nilivyosema. Nani atawasemea tena? Kipaji ndicho nilichokuwa nacho pekee."

Ekai hakusema mengi. "Mimi nikiona mzee ninakimbia. Juzi nyanya yangu aliniomba nimshike mkono avuke, nikageuza njia." Akasogea karibu na mkeka. "Niliita mara moja tu ndani ya moshi. Mara moja, Mama. Ningeita mara ya pili."

Mama Khakasa aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akawatazama waliokaa kwenye viti, majirani, wazee, watu wa Korongo waliotumwa na shada la maua, na hata waliokuja kwa ajili ya chai.

"Mimi nimechoka," akasema. "Amueni nyinyi. Lakini jua likizama nitafunga lango."

Na jua, nasikia, lilikuwa limeshagusa miti.

Basi nimemaliza upande wangu. Msiniambie ugawanywe; mwenyewe amewaeleza kwamba ukigawanywa unakuwa maneno. Msiniambie serikali, serikali haikuja kunyolewa. Wako watatu pale mkekani: aliyefagia kwa ajili ya wageni, aliyesema kweli kwa sauti tamu, na aliyemheshimu mzee. Mama anasubiri, na msamaha ni mmoja.

Wewe hapo unayetikisa kichwa, ungempa nani? Na kabla hujamtaja, tuambie jambo moja tu: siku ile ukumbini, msitu ule wa mikono ulipoinuka, wako ulikuwa wapi?