Siku Hodi Ilipofutwa

Hapo zamani za kale, na msidhani hii nimesimuliwa, maana nilikuwepo mwenyewe, nimejibanza nyuma ya kichuguu nikitazama kwa macho yangu haya haya, wanyama walikuwa na kijiji kama chetu. Walikuwa na nyumba, majiko, na majirani wa kugombana nao.

Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka mtama kwenye ghala la kijiji, akiba ya mwaka wa njaa. Mlinzi wa ghala alikuwa Fisi. Jumbe alikuwa Kifaru, mwenye pembe kubwa na macho hafifu, kwa hiyo mengi aliyoyajua ni yale aliyoambiwa na Fisi.

Mwaka huo mvua ikakataa. Wanyama wakaenda ghalani kuuliza mtama umebaki kiasi gani. Fisi, ambaye alikuwa ameshahamishia kitanda chake humo, akasimama mlangoni akijifuta midomo.

"Hapa ni nyumbani kwangu," akasema. "Nani anaulizwa vya nyumbani kwake?"

Wakarudi na vikapu vitupu. Fisi naye akakimbilia kwa Jumbe, akamnong'oneza kwamba mtama unaibwa na kufichwa majumbani, na kwamba hodi ndiyo inayowapa wezi nafasi ya kuficha. Kesho yake ngoma ikalia, ti-ti-ti: hodi imefutwa. Asiye na la kuficha hana haja ya hodi. Fisi ataingia nyumba yoyote, saa yoyote.

Akaingia kweli. Alifunua vyungu, akanusa mito, akapekua mpaka chini ya watoto waliolala. Siku moja akavunja komeo la Bi Nungunungu, mjane mwenye watoto wadogo, akajitoma ndani, akamkuta anaoga. Miiba yote ya mgongoni ilikuwa imempukutika, kabaki kipara kama boga. Fisi huyo, mbio mpaka kisimani kueneza habari hiyo. Kisima kizima kikacheka, kwakwakwa.

Tangu hapo Bi Nungunungu hakutoka tena, hata kwenda kuchimba mizizi. Na watoto wake walikula kile tu alichochimba yeye.

Jirani yake, Pimbi, akawasikia wakilia njaa upande wa pili wa ukuta. Sasa huyo Pimbi, watoto, ungeweza kumkanyaga bila kujua. Hana mkia, hana pembe, hana kucha za maana. Lakini kichwa! Nimeona vichwa vingi, kikiwemo hiki changu, sijaona kama kile.

Akaenda zake barazani, wanyama wote wamekaa. Akamsifu Jumbe kwa sheria yake nzuri. Akauliza tu, kwa adabu zote, kama sheria hiyo inahusu nyumba zote au za wadogo peke yao.

"Zote," Kifaru akanguruma. "Hata yangu."

"Ahsante, Jumbe. Na ghala je, mjomba Fisi? Ni letu sote, au ni nyumbani kwako? Nisije nikapotosha watu."

Fisi akapiga hesabu. Akisema ni la wote, watataka kuona. Akapaza sauti baraza zima limsikie: "Nyumbani kwangu. Nalala humo, nakula humo."

"Umesikia, Jumbe?" Pimbi akasema taratibu. "Ni nyumba."

Akageuka, ta-ta-ta, huyoo ghalani. Baraza likainuka nyuma yake. Nyati akauegemea mlango kidogo tu. Pu! Ukafunguka.

Ndani, mke wa Fisi alikuwa anakoroga pombe ya mtama. Mashemeji waliotoka mbali walikuwa wamelala chali, matumbo kama ngoma. Nusu ya akiba ilikuwa imeshanywewa. Kifaru hakuona vizuri, lakini pua yake haikuwa na kasoro.

"Mnaingiaje kwa mtu bila hodi?" Fisi akafoka.

"Tungepiga, mjomba. Wewe ndiye uliyeifuta."

Fisi akageuza maneno palepale. "Basi si nyumbani. Ni ghala la kijiji, mimi mlinzi tu."

"Hapo umesema vizuri," akasema Pimbi. "Kama ni letu, tupishe tukapime wenyewe."

Fisi akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mpaka leo mdomo ule hufunguka wenyewe, watu hudhani anacheka.

Jioni ile ile Jumbe akairudisha hodi, na mlango wa ghala ukang'olewa, ukawa kuni. Mtama uliobaki ukagawiwa hadharani. Pimbi akajitwika kikapu cha Bi Nungunungu, kikapu kikubwa kuliko yeye. Mlango wa mjane haukuwa na komeo; angeusukuma kwa pua tu. Hakuusukuma.

"Hodi, mama."

Akangoja. Kivuli cha nyumba kikasogea, naye akangoja.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, Pimbi. Nimeleta mtama wako. Ukipenda nitauacha hapa nje."

Halafu sauti ndogo: "Karibu."

Basi shikeni hili: nyumbani kwa mtu piga hodi ungoje, ila ghala la wote lisifungwe kwa wenye mtama wao.

Na kwa kuwa mimi si mwongo, niwaambie jambo moja. Ile habari ya kipara kama boga nimeitunga mimi. Alichokiona Fisi nakijua, nilikuwepo kisimani. Lakini kile ni chumba cha Bi Nungunungu, na mimi humo sijaambiwa karibu.