Kiti cha Bwana Mihayo

Jumatatu, tarehe tatu Juni, saa mbili asubuhi, mambo yalibadilika katika kiwanda cha korosho. Marehemu mke wangu, Mwanahawa, alimwomba tajiri wake, Bwana Mihayo, chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi.

"Hapa si wodi ya wazazi. Mwenye mtoto akae kwake, nitaajiri wengine."

"Sawa, bosi. Ila wewe Mnyamwezi na mimi Mzaramo, bado tu watani?"

"Utani haufi," tajiri alicheka, akaenda kukagua mashine.

Aliporudi ofisini alikuta Mwanahawa amewalaza watoto waliokuja na mama zao kazini kila mahali, mmoja akikoroma kwenye kiti chake.

"Nimekiteka kiti, mtani. Kikomboe kwa chumba."

Wafanyakazi waliangua kicheko. Kwa desturi mtani hakasiriki, hivyo tajiri alitoa ufunguo wa stoo tupu iwe chumba cha watoto.

Ewe Mola, mrehemu Mwanahawa, ulitie nuru kaburi lake. Amina.