Majani Mekundu ya Mlima Isongwa

Wapandaji walikuwa wametua mabegi yao na kutoa kamera. Mbele yao mteremko mzima wa Isongwa ulikuwa umewaka rangi: wekundu wa udongo, shaba, na rangi ya zabibu iliyoiva. Bi Atupele, mwongozaji wao, aliwaacha wapige picha mpaka waridhike, kisha akawaeleza wekundu ule ulikotoka.

Zamani hizo, alisema, miti ya Isongwa ilikuwa ya kijani mwaka mzima. Hapakuwa na mti uliotofautiana na mwenzake, na mtu akiingia msituni bila mwenyeji alikuwa amejipoteza mwenyewe.

Bondeni aliishi Subilaga, mwanamke aliyejua kupamba kuta za nyumba kuliko wote. Alichimba udongo mwekundu, akautwanga, akauchanganya na mafuta ya nyonyo hadi ukalainika kama uji. Mwaka ule alikuwa amejaza chungu kizima kwa ajili ya nyumba yake mpya.

Lakini mvua haikunyesha. Visima vilikauka, na Ambilike, kaka yake Subilaga, akawakusanya watu thelathini wavuke mlima kutafuta maji. Tumpe, binti pekee wa Subilaga, alikuwa mmoja wao.

"Mtarudije, kaka?" Subilaga aliuliza. "Miti yote inafanana."

"Mlima huu naujua, dada yangu. Siku mbili tu, tutakuwa hapa."

Siku mbili zikapita, na ya tatu, na ya nne. Asubuhi ya siku ya tano Subilaga alijitwika chungu chake.

"Mama Tumpe, huo si udongo wa nyumba yako?" jirani alimshangaa.

"Nyumba itasubiri," alijibu, na wala hakugeuka.

Alipanda bila haraka, kwa hatua za mtu anayejua kazi yake. Kila baada ya hatua chache alichovya mkono chunguni na kuyapaka majani yaliyokuwa usawa wa macho, pande zote mbili, ili aendaye na arudiye wote wayaone. Hakupaka ovyo ovyo. Hata kule, peke yake, alilipaka kila jani vizuri, kama ukuta utakaotazamwa na wageni. Chungu kilipokaribia kuisha, alikisugua ndani kwa kidole, akaendelea.

Aliwakuta upande wa pili wa kilele, vibuyu vimejaa, miguu imevimba.

"Mama!" Tumpe alimkimbilia. "Maji tumepata, njia hatuioni. Mwamba huu tumeupita mara nne."

Ambilike aliinamisha kichwa. "Dada, nilijiamini mno."

"Beba kibuyu chako, kaka. Njia ninayo."

Wakashuka wakifuata majani mekundu, moja baada ya jingine, hata ukungu ulipoziba kila kitu kingine. Hakupotea hata mtu mmoja. Walipokanyaga bonde, ngurumo ikapasua mbingu na mvua ikamwagika.

Watu walicheza matopeni. Subilaga yeye alisimama akiutazama mlima. Rangi yake yote ilikuwa ikioshwa, ikitiririka mteremkoni kwa vijito vyekundu, ikizama kwenye mizizi. Moyo ulimuuma.

"Kazi yangu imekwisha kwa siku moja," alimwambia Tumpe.

Haikuwa imekwisha. Miti ilikuwa imeinywa. Mwaka uliofuata, jua likiwa bado kali na ardhi bado imepasuka, miti ya Isongwa ilichipua majani mapya, na majani yale yalikuwa mekundu tangu bondeni hadi kileleni. Wiki chache baadaye mvua ilinyesha, na kila jani likageuka kijani. Subilaga aliketi mlangoni pa nyumba ambayo kuta zake hazikuwahi kupakwa rangi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Na tangu siku hiyo miti ya Isongwa huvaa wekundu kabla ya mvua, huuvua mvua ikishika. Watu wa bondeni hawapandi mbegu kabla ya kuuona. Mtu wa kwanza kuliona jani jekundu hupita nyumba kwa nyumba akiita, "Subilaga amepita!" na hapo kila mtu huchukua jembe.