Kwa Nini Kuku Hupiga Kelele Akishataga

Wajukuu zangu, zamani kuku alitaga kimya. Alikuwa akiingia ndani ya nyumba, anataga, anatoka, na hakuna aliyejua.

Siku hizo, huko milimani, aliishi mjane aitwaye Kemilembe. Binti yake Kokugonza alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa waje baada ya siku sita. Kemilembe aliipamba nyumba yake kwa udongo mwekundu uliokorogwa na maji. Mvua ikanyesha, mapambo yote yakachuruzika. Akayapaka upya, mvua ikayaosha tena. Binti akalia kwamba ataolewa kutoka kwenye nyumba yenye madoa.

Ndani ya nyumba hiyo kuku alikuwa ameanza kuatamia mayai yake kapuni, karibu na vyungu vya rangi. Siku hiyo, alipokuwa akishuka kwenda kula, yai moja liliviringika likapasukia kwenye bakuli lenye ule udongo mwekundu. Kemilembe hakutaka kuutupa udongo aliousaga kutwa nzima. Aliukoroga hivyo hivyo, akachora mstari mmoja kando ya mlango. Mvua ilipokuja, mstari haukutoka. Ulibaki uking'aa.

Tangu hapo, kuku akitoka, Kemilembe alichukua mayai. Aliviringisha kiini kutoka kiganja hadi kiganja mpaka ute wote udondoke, akakibana ngozi yake kwa vidole, akaitoboa, umanjano ukatiririkia kwenye udongo. Akachora pembetatu na mawimbi, mekundu, meusi na meupe. Majirani walikuja kutazama.

Kuku alirudi kila mara akaona kapu limepungua. Alidhani amesahau idadi. Hakumshuku mwenye nyumba hata kidogo.

Siku ya tano ilibaki pembe moja ya ukuta haijapakwa, na yai moja kapuni. Kemilembe alilipasua. Kiini kilipotua kiganjani, alikiona kimetandwa na nyuzi za damu, na katikati moyo mdogo kama punje ya ulezi, mwekundu, unadunda.

Hakuweza kukitupa wala kukitoboa. Alisimama hivyo hivyo, mkono wazi, mpaka kuku akatokea mlangoni.

"Mama Koku, umeshika nini?"

Kuku akasogea, akatazama. Kisha akainua macho ukutani.

"Na yale mapambo?"

"Ni... ni wenzake," Kemilembe akasema.

Ule moyo ukasimama kiganjani mwake.

Hapo kuku akapiga ukelele ambao haukuwahi kusikika. Watu waliacha majembe wakakimbilia pale, wakasimama mbele ya ule ukuta mzuri.

Wakwe walipofika kesho yake waliuliza mbona pembe moja haikupakwa. Kemilembe aliwaeleza yote bila kuficha. Kokugonza aliolewa, lakini mama yake hakuipaka ile pembe maisha yake yote.

Jioni ya siku ile Kemilembe alipiga magoti mbele ya kuku. "Sitalimaliza tena kapu lako. Nitakuachia yai moja."

"Nimesikia," kuku akasema. "Lakini sasa nikitaga, kijiji kizima kitajua."

Na tangu siku hiyo, anayeokota mayai huacha moja kwenye kiota. Naye kuku, kila akitaga, huruka nje akipiga kelele. Watu husema anajisifu. Hapana, wajukuu zangu. Anaita mashahidi.