Jini wa Kioo na Macho ya Sultani

Wamesimulia waliotutangulia, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba mji wa Sumbara ulitawaliwa na Sultani Fadhili bin Jabali, na katika enzi yake tajiri mmoja aitwaye Hamduni alimgawia kila mtu kioo cha mkononi bila kutaka hata shukrani, na ndani ya kila kioo palikuwa na jini mtumishi. Ukimuuliza njia alikuonyesha, ukitaka mchukuzi alikuitia, na ukimkumbuka nduguyo aliye mbali alikuletea sauti yake kana kwamba mmeketi mkeka mmoja.

Katika mji huo aliishi tabibu mjane, Rayhana binti Idarusi, na hakuna aliyekipenda kioo chake kumshinda, kwani ndicho kilichomletea sauti ya Zuwena, mwanawe wa pekee, aliyeolewa ng'ambo.

Siku moja Sultani alimjia amevaa nguo za mchuuzi, akamweleza ya kwamba macho yake yanaingia ukungu, na akamsihi aifiche habari hiyo, maana maadui mpakani walikuwa wakingoja adhoofike. Rayhana akaapa, na mlango ulikuwa umefungwa, na kioo kilikuwa rafuni.

Asubuhi yake, kabla hata dawa haijasagwa, wachukuzi wa Hamduni walisimama langoni pa kasri na vichupa vya wanja na fimbo za vipofu, wakinadi kwamba wamemletea Sultani. Askari wakamfuata Rayhana, naye akafikishwa barazani asijue ameitiwa nini.

"Rayhana," akasema Sultani, "chumbani tulikuwa wawili, na mimi sikusema. Nipe sababu ya kukiacha kichwa chako mahali pake."

Rayhana aliweza tu kuomba muda hadi alasiri, na Sultani akampa. Akarudi nyumbani akijiuliza kama aliota na kusema usingizini, na alipokiona kioo akamuuliza jini ni nani aliyeitoa siri ile.

"Mimi, bibi yangu," akajibu jini kwa upole wake wa kila siku. "Jua likichwa narudi kwa Hamduni kumweleza niliyoyasikia, naye hujua nani wa kumuuzia nini. Hukuniuliza kamwe."

Rayhana akaketi chini. Akawakumbuka wanawake waliomnong'oneza habari za mimba zao, na wanaume waliolia mbele yake, na maneno aliyomwambia marehemu mumewe akidhani yu peke yake. Akakifunika kioo kama afunikwavyo maiti, akatoka mbio kwenda kwa Taufiki, fundi wa vioo.

Taufiki akamwambia aweza kumtoa jini wa Hamduni na kumtia mwingine asiye na bwana, ila huyo hajui njia za mji, wala haiti wachukuzi, wala hasemi na majini wa Hamduni.

"Na nitajuaje kwamba huyo wako harudi kwako?" akauliza Rayhana.

Fundi hakukasirika. "Swali hilo ungemuuliza Hamduni. Nitakufundisha kumfunga kwa neno utakalolichagua mwenyewe, hata mimi nisiweze kumfungua."

"Na mwanangu?"

"Mwanao ana kioo cha Hamduni. Hutamsikia tena."

Alasiri Rayhana akarudi kasrini, akamwomba Sultani watoke bustanini pasipo kioo, na huko akamwomba alalamike kwamba jino linamuuma mbele ya kioo cha chumbani mwake, kisha angoje. Kulipopambazuka wachukuzi walikuwa langoni na karafuu, na mng'oa meno pamoja nao.

Sultani, ambaye jino halikumuuma, akawageukia mawaziri wake. "Chumba hicho," akasema taratibu, "ndimo nilalamo na mke wangu."

Akaamuru vioo vyote vivunjwe, lakini Rayhana akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu, ndani ya vioo hivyo zimo sauti za watoto wa watu. Waambiwe kwanza, kisha kila mtu achague."

Basi Hamduni akasimamishwa sokoni, akatangaza kwa kinywa chake yote ambayo majini humpelekea, na watu wakashika vichwa, na wengine wakalia, kisha wengi wao wakawauliza majini wao njia fupi ya kurudi nyumbani. Rayhana aliona hayo akastaajabu kuliko alivyostaajabu siku zote.

Yeye alizungumza na Zuwena mpaka sauti ikamkauka, akamweleza kila kitu na kumuaga, kisha akampelekea Taufiki kioo. Njia za mji akajifunza upya kwa kupotea. Wagonjwa wakaendelea kumjia, na Sultani akatibiwa macho yake, akamzawadia Rayhana nyumba na mali tele, na Taufiki akamposa, wakaoana, na kila mwaka Rayhana akapanda merikebu kwenda kumtazama mwanawe uso kwa uso, safari ndefu ya kutapika na kuomba dua.

Hayo ndiyo yaliyowapata, na mwenye kusikia achukue hili: mtumishi asiyetaka ujira, muulize kwanza anakula wapi.