Mgahawa wa Kichochoroni

Pale Korogwe, mama lishe aitwaye Chausiku aliuza wali kando ya hoteli ya tajiri Mwinyipembe. Siku moja tajiri akamtolea macho.

"Hamia kichochoroni huko nyuma, na usiweke bango barabarani!"

"Sawa, bwana mkubwa. Mlangoni kwangu je, naweza kuandika jina nilitakalo?"

"Andika hata la bibi yako! Nani atakuona huko?"

Chausiku akahama huku akiimba.

Kesho yake wageni walilalamika kwamba pilau ya Mwinyipembe ni ghali, naye akawafokea kama kawaida yake. Wakatoka. Kufika adhuhuri kichochoro kilifurika watu, hotelini wakabaki nzi. Mwinyipembe akakimbilia nyuma akihema.

"Nani kawaleta wateja wangu huku?"

"Wewe mwenyewe," wakajibu walaji, mashavu yamejaa wali. "Si umesema bei ikitushinda twende Kwingine? Tukauliza mtaani, tukaonyeshwa."

Tajiri akainua macho. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: KWINGINE.

Akarudi hotelini mbio. Mteja wa mwisho alikuwa akiinung'unikia chai. Mwinyipembe akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa sauti ya asali, "Kaa, ndugu yangu, nakupunguzia."