Kigong'ota na Hodi ya Tatu

Wapo watakaowaambia kwamba habari hii wameipata kwa babu zao. Mimi sikuipata kwa mtu. Nilikuwepo, nimekaa juu ya lile jiwe la penye maporomoko, nakula ndizi zangu mbili, na yote yalitendeka mbele ya macho haya. Shuleni niliishia darasa la tano, lakini kuona hakutaki cheti.

Zamani hizo, katika milima ya Taita, kigong'ota alikuwa na kichwa cheusi tii, na maua ya msituni yalichanua kwa mvua ya kwanza tu. Mvua alikuwa mgeni mwenye adabu. Akifika kutoka bondeni alianza kwa kugonga majani, ta, ta, ta, na kusema hodi. Maua yalimwitikia karibu, yakafungua palepale bila kuchungulia. Yangechungulia kwa nini? Mlima mzima ulikuwa haujawahi kusikia hodi ya uongo.

Juu kabisa, pale mashamba yanapoishia na miti mikubwa inapoanza, aliishi mama mmoja jina lake Mghoi. Hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alikuwa na nyuki. Mizinga yake ilikuwa saba, lakini mwaka ule kiangazi kilirefuka mno, nyuki wakahama mzinga baada ya mzinga, mpaka ukabaki mmoja tu, juu ya mkuyu. Mghoi alijua kwamba hawa nao wakihama, itambidi afunge virago, ateremke tambarare kwenye jua na vumbi, akaombe pa kulala kwa dada yake. Na dada yake alikuwa na mdomo, huyo ninamjua.

Kwa hiyo kila asubuhi Mghoi alizunguka nyumba yake akitazama matumba ya maua: yale mekundu ya mviringo yanayotoka ardhini kabla ya majani yake, yale meupe yanayoning'inia matawini, na vile vimaua vya zambarau vinavyojibanza kwenye unyevu chini ya miamba. Yote yalikuwa yamefumba. Hata chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, alipita kimya.

Kigong'ota naye alikuwa na njaa. Alijua kwamba maua yakichanua wadudu huja, na wadudu ndio chakula chake. Siku moja, jua likiwa utosini, akatua kwenye gogo kavu lenye uwazi ndani, akagonga taratibu, ta, ta, ta.

"Hodi humu."

"Karibu," maua yakaitika. Yote yaliyokuwa yamekomaa yakafunguka. Yakabaki matumba machanga tu.

Mghoi alitoka mbio ameinua mikono, akidhani ni mvua. Akaona mlima umegeuka rangi, vipepeo wametanda, na nyuki wake wanamwagika kutoka mzingani kama watu waliofunguliwa jela. Akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la kufutia uso. Kufikia jioni jua lilikuwa limekwisha kuyakausha maua, na nusu ya nyuki walikuwa chini ya mkuyu, hawainuki tena.

Kesho yake Mghoi akajibanza nyuma ya gogo. Kigong'ota alipotua ili abishe tena, akamdaka.

"Niache, shangazi. Mimi nilibisha tu. Kufungua yalifungua yenyewe."

"Na ulipokaribishwa, mbona hukuingia?"

"Ningeingiaje, na mimi si mvua?"

"Basi kila mtu atajua kwamba wewe si mvua."

Akaokota lile ua jekundu lililonyauka, akalifikicha kiganjani, akamsugua nalo utosini mpaka pakawa pekundu.

"Unaniharibu sura, shangazi."

"Sura ulikuwa nayo wapi," Mghoi akasema, akambana kwapani na kuushika mdomo wake kwa vidole viwili.

Kabla hajaamua amfanye nini zaidi, wingu likapanda kutoka bondeni. Mvua mwenyewe alikuwa amefika. Akagonga majani, akasema hodi. Kimya. Matumba yaliyobaki yalizidi kujikaza. Mvua akangoja kidogo, akabisha mara ya pili. Kimya. Mghoi aliijua adabu ya mgeni: hubisha mara tatu, asipoitikiwa hugeuza njia, wala hana kosa.

Akapiga magoti chini ya mwamba, mbele ya kimaua cha zambarau.

"Fungua, mwanangu. Huyu ni mvua."

"Hata jana tulidhani ni mvua," kimaua kikasema, bado kimefumba.

"Jana alikuwa huyu. Mtazame leo yuko wapi."

Kimaua kikachungulia kwa upenyo mwembamba, kikaona utosi mwekundu na mdomo uliobanwa. Hapo hodi ya tatu ikalia juu ya majani, ta, ta, ta, na ule mdomo haukutikisika.

"Karibu," kikasema.

Na mengine yakaitika nyuma yake, mwamba hadi mwamba, tawi hadi tawi. Mvua akaingia, akakaa siku nne. Siku ya tano nyuki waliobaki, ambao wangeenea kwenye kiganja, wakatoka kwenda kazini, na mkuyu ukaanza kuvuma upya. Mghoi hakufunga virago.

Na tangu siku hiyo maua ya mlimani hayafungui kwa mvua ya kwanza wala ya pili. Husubiri ya tatu, na vile vya zambarau ndivyo hutangulia. Kigong'ota bado ana utosi wake mwekundu. Hubisha gogo hili na lile mwaka mzima, wala hajaambiwa karibu. Nasi watu wa huku tukibisha mara tatu bila jibu, tunaondoka zetu bila kununa.

Ila nisije nikaitwa mwongo, nakiri kwamba kuna kitu kimoja humu nimekitunga. Zile ndizi. Ilikuwa moja.